Mkanda wa Shanta ya Nane

Nyie mnaoshona mabegi pale Kariakoo kwa mashine za umeme, redio inaimba na simu mmeibana begani, nawaona. Napita na fimbo yangu, mnaniamkia, "Shikamoo, babu," naitikia, "Marahaba," halafu nasimama kidogo. Mnadhani nataka kununua. Sinunui kitu. Natazama mnavyofunga mwisho wa uzi.

Juzi mmoja wenu aliniuliza, "Babu, enzi zenu mlikuwa mnashona nini?" Nikamjibu, turubai. Akacheka, "Turubai tu?" Sikumjibu, maana mvua ilikuwa inaanza na goti langu halipendi mvua. Leo nimekaa nyumbani, najibu.

Karakana yetu ilikuwa chumba kirefu upande wa Gerezani, mali ya ushirika wetu wenyewe, mafundi kumi na mmoja. Tulishona maturubai ya malori yanayopakia bandarini, mahema, mifuko mizito, hata mapazia ya jua ya maduka. Mle ndani kulinuka nta na mafuta ya taa, na vumbi la pamba lilikuwa linatuganda kwenye nyusi, kila mtu anaonekana mzee kabla ya wakati wake. Mimi nilikuwa nimekuja kutoka Newala, najua korosho na mihogo, sindano sijui.

Mwezi wangu wa kwanza nilipewa turubai la lori nikunje pindo. Turubai la lori ni kubwa, unaingia ndani yake kama mtu anayeingia kitandani. Nikashona, nikashona, dereva akaja na haraka zake, akashika ncha akavuta. Akanivuta na mimi. Nilikuwa nimeishona ncha ya shati langu pamoja na pindo. Niliburuzwa mpaka mlangoni huku napiga kelele, na aliyecheka kuliko wote alikuwa kijana wa Kichaga aliyekaa pembeni yangu, Elirehema. Alicheka mpaka akalala chini. Kisha akaja na wembe akanikata pindo kwa uangalifu, shati likapona. Toka siku hiyo tukawa marafiki. Kwa mwezi mzima kila dereva akiingia alikuwa anamwambia, "Kagua mzigo wako kaka, usije ukaondoka na Mmakonde."

Aliyetufundisha sote wawili alikuwa Mzee Chilumba. Kushona mahema alijifunzia jeshini, zamani, huko vitani Burma. Alikuwa haongei sana. Akikuona unakosea anakunyang'anya kazi, anafumua yote, anakurudishia bila neno. Alitufundisha kuvuta uzi kwenye bonge la nta mara tatu, mpaka ulie. Uzi wa pamba usiolia, alisema, ni uzi mlevi: utakunywa maji, utavimba, halafu utaoza. Alitufundisha kwamba hema jipya hulowanishwa kwanza likaachwa likauke, nyuzi zijibane, ndipo liitwe hema. Na usiguse turubai kwa ndani wakati mvua inanyesha. Palipoguswa ndipo panapovuja.

Na kuhusu mkanda wa begani alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuijadili. Mkanda unashonwa mistari miwili, halafu msalaba juu yake. "Mstari wa kwanza unashika," alikuwa anasema. "Wa pili unashika ule wa kwanza ukichoka. Msalaba ni kwa ajili ya siku usiyoijua."

Kisha ikaja miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, unga wa njano foleni. Nyie mmeambiwa habari hizo na wazazi wenu, sitazirudia. Sisi mafundi tulikosa uzi. Ule mnene uliotiwa nta kiwandani ulipotea kabisa, tukawa tunasokota wenyewe nyuzi nyembamba tatu tatu na kuzipitisha kwenye nta, na nta yenyewe ilipokwisha tukachanganya na mishumaa.

Wakati huo ndipo alipokuja Mwalimu Lugano. Alikuwa anafundisha elimu ya watu wazima katika kiwanda kimoja hapa mjini, mtu mwembamba, mchangamfu, anaamini kila jambo linafundishika. Alikuja siku ambayo Jangwani maji yalikuwa yamekata njia, suruali imemlowa mpaka magotini. Alisema ana vijana watano wa darasa lake, amewafundisha kusoma, sasa anataka kuwafundisha kupanda mlima. Angewapeleka milima ya Uluguru, Jumamosi na Jumapili, walale juu. Alitaka shanta nane, yale mabegi ya kubeba mgongoni, na hema moja.

"Mbona nane, na nyie ni sita?" Elirehema akamuuliza.

"Mbili za mafundi," Mwalimu akasema. "Mtu aliyeshona mzigo aubebe auone."

Wazo hilo lilitufurahisha sana. Elirehema alikuwa amezaliwa mlimani na hajarudi kwao miaka mitatu. Mimi mlima nilikuwa nauona kwenye noti tu. Mzee Chilumba alikuwa mgonjwa wakati huo, yuko kwake Buguruni anatetemeka na homa, kwa hiyo kazi tulikabidhiwa sisi wawili. Tukagawana: shanta nne yeye, nne mimi.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Siku ya mwisho, Alhamisi, nilikuwa nimebakiza mkanda mmoja, wa kushoto, wa shanta ya nane. Uzi wa nta ukaniishia. Elirehema alikuwa ametoka kwenda kutafuta pete za shaba za hema. Nilikuwa na kibunda cha uzi wa pamba mtupu, na bonge la nta limebaki kama punje ya ubuyu. Ningeweza kusubiri. Ningeweza kufumua kazi nyingine nipate uzi. Nikapiga mstari mmoja, uzi mkavu. Mstari wa pili sikupiga. Msalaba sikupiga. Nikauvuta kwa mikono, ukashika. Nikajiambia, hii nitaibeba mwenyewe, na nikirudi nitaitengeneza kabla Mwalimu hajajua. Nikafunga kifundo cha uzi mwekundu ndani ya mfuko wake ili niitambue. Niliona nimefanya jambo la kiungwana. Nilishona vibaya, lakini nitabeba mimi.

Ijumaa tukapanda basi mpaka Morogoro. Jumamosi alfajiri tukaanza kupanda, watu wanane, na saa mbili hatujafika hata mashamba ya juu, mvua ikaanza. Haikuwa mvua ya Dar inayopiga bati nusu saa ikaondoka. Ilikuwa mvua inayokaa. Ukungu ulishuka tukawa tunaona migongo tu. Njia ni nyembamba kama mgongo wa samaki, udongo mwekundu unateleza, mizizi inakushika kifundo cha mguu, na mkono wa kulia kuna korongo unalisikia maji yake lakini hulioni. Vijana wa kiwanda walianza wakiimba. Wakanyamaza mmoja mmoja.

Usiku huo hema lilivuja kwenye mishono. Tulikaa wanane tumekunja magoti tusiguse turubai, tukaligusa. Sina zaidi ya kusema kuhusu usiku huo.

Jumapili Mwalimu aliuliza kama tunarudi. Vijana wakatazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema ndiyo. Elirehema akasema, "Tumeshalowa, Mwalimu. Mvua haina jipya la kutufanya." Wakacheka, tukaendelea kupanda. Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Blanketi zilizolowa zilikuwa kwenye shanta yangu na zilikuwa nzito kama maiti. Nisameheni, ndilo neno lililonijia siku ile, bado nalikumbuka. Kifua kilikuwa kinanibana, natembea hatua kumi nasimama. Na kila niliposimama nilikuwa naupapasa mkanda wa kushoto kwa kidole gumba, nauhisi umevimba kwa maji.

Elirehema akarudi nyuma kunifuata.

"Wewe mtu wa mikorosho," akasema, "utatufia hapa. Lete hilo zigo, chukua langu, ni jepesi."

"Naweza," nikasema.

"Huwezi. Midomo imekuwa ya kijivu. Lete."

Mwalimu alikuwa amesimama juu kidogo anatusubiri. Vijana watano nao wamegeuka wanatutazama. Neno lilikuwa mdomoni, wanangu. Mkanda huu mbovu. Maneno matatu. Ningeyasema, Mwalimu angejua nimemuuzia kazi ya ulaghai, na vijana wale wangejua, na Elirehema angejua. Nikavua shanta nikampa. Yeye akanisaidia kuvaa ya kwake, akanifunga vizuri mbele kama mama anavyomfunga mtoto wa shule, akatangulia.

Labda ilipita nusu saa. Tulifika mahali ambapo njia inapita juu ya jiwe kubwa lililoinama kuelekea korongoni, maji yanatiririka juu yake. Mwalimu akapita, vijana wakapita, mmoja mmoja, wakikaa chini na kujisogeza kwa makalio. Elirehema hakukaa. Alipita kwa miguu kama walivyozoea kwao. Alipofika katikati nikausikia mkanda. Haukukatika kwa kishindo. Ulichanika taratibu, trrr, sauti ninayoijua kuliko jina langu. Mzigo ukamzungukia upande wa kulia, ukamvuta. Alinyoosha mkono kama anatafuta ukuta, halafu hakuwepo.

Tulimkuta chini kwenye mawe, pengine kimo cha nyumba mbili za ghorofa, miguu yake iko majini na yeye haihisi. Macho yake yalikuwa mazima na sauti yake nzima. Mwalimu alijua mara moja kwamba ni uti wa mgongo, akaniangalia, sikuweza kumwangalia.

Kazi niliyoifanya saa ile ndiyo bora niliyowahi kufanya. Nilikuwa na sindano yangu, kibunda cha uzi, msharasi wa kutobolea na kipande cha ngozi tunachovaa kiganjani. Vijana walikata miti miwili, nikalichana hema, nikalikunja juu ya miti hiyo na kulishona liwe machela. Nilivuta uzi kwenye mshumaa mara tatu mpaka ukalia. Mistari miwili, na msalaba kila pembe. Machela ile ilimbeba saa sita kwenye njia ile, tukateleza, tukaanguka, tukainuka, na haikuchanika hata uzi mmoja.

Tukiwa njiani alikuwa anaongea. Nilishika mti wa upande wa kichwa chake, kwa hiyo alikuwa ananitazama mimi kwa chini.

"Hamisi, ni mkanda, eti?"

"Ndiyo."

"Wa kushoto. Nadhani ule niliushona mimi. Kuna mmoja niliufanyia haraka, siku ile Mwalimu alipokuja kutuhimiza. Nilijua tu."

Niliangalia pa kukanyaga.

"Mwalimu," akaita. "Mwalimu, nisamehe. Nimekuharibia kazi."

"Usiseme hivyo, ndugu yangu," Mwalimu akamjibu, analia waziwazi.

Na mimi nilikuwa nimeshika mti, mdomo wangu uko shubiri moja kutoka kwenye sikio lake. Nilijiambia nitamwambia tukifika kwenye kituo cha walinzi wa msitu kule chini. Nitamwambia hospitali, akiwa amelala kwenye shuka kavu. Alisema anasikia baridi. Tukamvika kila kilichokuwa kikavu, na kilichokuwa kikavu kilikuwa kofia moja. Baadaye alianza kuongea Kichaga na watu ambao hawakuwepo. Tulipofika mashamba ya juu ya migomba, mama mmoja wa Kiluguru aliyekuwa analima mvuani akaacha jembe, akaja akamgusa shingo, akatutazama. "Mwekeni chini, wanangu," akasema. "Mnabeba nini tena?"

Ndugu yake, Aminieli, alikuja kuuchukua mwili akaupeleka kwao. Mwalimu akamweleza kila kitu kwa uaminifu, pamoja na maneno ya Elirehema mwenyewe. Kwa hiyo hadithi iliyozunguka Kariakoo ilikuwa hiyo: fundi aliyeuawa na mshono wake. Kwenye mkutano wa ushirika mwenyekiti wetu alisimama akasema kifo cha ndugu yetu kiwe fundisho kwa kila anayelipua kazi. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nami nikatikisa.

Mzee Chilumba alirudi kazini wiki ya pili, amekonda, koti linamning'inia. Akaomba aione ile shanta tuliyorudi nayo. Akaupeleka mkanda mlangoni penye mwanga, akaugeuza, akavuta ncha moja ya uzi kwa ukucha. Alikaa nao muda mrefu. Halafu akaniita tukatoka nje, tukasimama kwenye mtaro.

"Elirehema alikuwa mtu wa mkono wa kushoto," akasema. "Alikuwa anafunga uzi kwa kushoto. Huu umefungwa kwa kulia."

Nikaangalia mikono yangu.

"Uzi mkavu. Mstari mmoja. Nani anajua?"

"Hakuna."

"Yeye alijua?"

"Alidhani ni wake." Nikamweleza yote, mkanda, kubadilishana mizigo, maneno ya kwenye machela. Alinisikiliza anatazama maji ya mtaroni. Nilitaka anipige. Nilikuwa nasubiri kofi kama mtu anavyosubiri chakula.

"Mshono mbaya hata mimi nimeshona," akasema mwishowe. "Nimeshona mingi. Lakini uliombwa mzigo ukautoa unajua. Halafu mwenzako akaomba msamaha kwa kosa lako, ukamwachia aondoke nalo." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Ana mama?"

"Anaye."

"Basi unafanya nini hapa?"

Nilisema kwanza mbele ya wenzangu karakanani. Sitawasimulia nyuso zao. Mwenyekiti alitaka nifukuzwe, Mzee Chilumba akakataa, akasema akiondoka atakwenda kushona wapi, na kwa nani, na nani atajua. Waliniondoa kwenye mikanda mwaka mzima, nikawa nafagia na kugonga pete. Mwalimu Lugano nilimfuata kiwandani kwake. Alinisikia mpaka mwisho, akafunga daftari lake, akaingia darasani. Sikumwona tena.

Kisha nikapanda basi kwenda Kilimanjaro.

Aminieli alinipokea nyumbani kwao, chini ya migomba, kaburi la nduguye bado ni udongo mbichi pembeni ya nyumba. Mama yao alikuwa kikongwe mdogo mwenye mikono mikubwa, Kiswahili anakijua cha salamu tu. Nilimwamkia, akanishika mikono yote miwili, hakuiachia. Nikasema mbele yao wote wawili. Nilisema mkanda ulikuwa wangu. Nilisema nilijua. Nilisema mwanawe aliomba msamaha kwa kosa lisilo lake na mimi nikamwachia. Nilisema kwa kirefu, maana nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na Aminieli alinisikiliza ametazama chini.

Nilipomaliza, akamgeukia mama yake akatafsiri. Alitafsiri kwa maneno machache mno. Yule mama akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, machozi yakashuka, kisha akanisogelea akaniwekea mkono kichwani akanena maneno ya kwao, polepole. Hata mtu asiyejua lugha anaijua baraka. Akaingia ndani akaniletea maziwa. Nikanywa, nifanyeje.

Aminieli akanisindikiza mpaka barabarani. Tulipoiona barabara akasimama.

"Nimemwambia Eli hakufa kwa kosa lake," akasema. "Alikuwa hapati usingizi kwa hilo, kwamba mwanawe alijiua kwa uzembe. Leo atalala. Na nimemwambia wewe ndiye uliyembeba mpaka mwisho. Hilo nalo ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kosa lilikuwa la nani, sikumwambia. Ana miaka mingi, sitaki aianze upya." Akanitazama. Alikuwa na macho ya nduguye. "Mimi nimekusikia yote. Sijakusamehe, na usingoje. Usirudi hapa."

Basi likaja. Aminieli akainua mkungu wa ndizi aliokuwa ameubeba begani tangu nyumbani, nami nilidhani ni wa kwao wanauza, akauweka miguuni mwangu.

"Mama amekupa," akasema, akageuka.

Niliubeba mkungu ule mpaka Dar es Salaam. Nilipofika Kariakoo niliugawa wote, chana kwa chana, kwa majirani, kwa wachukuzi wa sokoni, kwa mwanamke aliyekuwa anapita na mtoto mgongoni. Walishukuru, walisema ni ndizi tamu. Mimi sikuonja hata moja.